Kuvu na Sauti: Mabamba ya Uyoga kwa Madarasa ya Dzaleka na Lilongwe

Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo wajenzi wengi hulifikiria mwisho kabisa, au hawalifikirii kamwe, nalo ni hali ya sauti ndani ya jengo baada ya kutoka kinywani mwa msemaji. Yanahusu pia nyenzo ambayo katika miaka ya karibuni imewavuta watafiti na wajenzi katika nchi nyingi, yaani bamba linalooteshwa kwa kuvu juu ya mabaki ya mazao, na ambalo likishakaushwa hufyonza sauti kwa kiwango kinachokaribia kile cha bidhaa za viwandani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, pamoja na jiji la Lilongwe lililo umbali wa takriban kilomita 45 kutoka hapo, yana tatizo linaloihitaji nyenzo hiyo, yana malighafi yake, na yana watu wanaoweza kujifunza kuitengeneza kwa vyombo vya kawaida. Kilichobaki ni kuviunganisha vitu hivyo vitatu kwa uangalifu, na mahali pa kuanzia ni darasani.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, na kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi ilikuwa gereza lililojulikana sana wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, wakati vita na mauaji vilipowafukuza watu makwao katika eneo la Maziwa Makuu, na ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya kanisa na ya ujirani. Mwaka huohuo wa 1994 serikali ya Malawi ilifuta karo katika shule za msingi, uamuzi uliowafungulia mlango mamilioni ya watoto, lakini ambao pia uliyajaza madarasa kuliko ujenzi ulivyoweza kufuata. Hata lengo ambalo serikali yenyewe imejiwekea ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 60, na shule nyingi, zikiwemo za pembezoni mwa Lilongwe katika vitongoji kama Nsungwi, hulipita lengo hilo kwa mbali. Darasa la namna hiyo ni suala la elimu na la haki, lakini ni suala la sauti pia, na upande huu wa mwisho haujapewa uzito unaostahili.

Ili kulielewa tatizo, inafaa kuangalia kilichobadilika katika ujenzi wenyewe. Nyumba ya asili ya uwanda wa kati wa Malawi, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za Kivu na za mwambao wa Waswahili zilizoezekwa kwa makuti, ilikuwa na paa la nyasi, nalo paa la nyasi ni kifyonza sauti kizuri, kwa kuwa lina nafasi nyingi za hewa ambamo sauti huingia na kupotea. Mvua iliponyesha juu yake, haikuwazuia watu kuzungumza. Bati lilipokuja lilileta faida zisizopingika, maana halishiki moto kwa cheche ya jikoni, halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu michache, halifugi panya, na huwezesha maji ya mvua kukingwa. Pamoja na faida hizo, bati, sakafu ya saruji na kuta za tofali zilizopigwa lipu viliondoa karibu kila kitu laini kilichokuwa kikifyonza sauti ndani ya chumba. Hakuna sababu ya kurudi kwenye nyasi, lakini ipo sababu ya kurudisha ile kazi ambayo nyasi ilikuwa ikiifanya bila mtu kuiona.

Elimu ya sauti katika majengo ilipata msingi wake wa kisayansi kuanzia mwaka 1895, pale mwanafizikia kijana Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipoombwa kuurekebisha ukumbi wa mihadhara wa Jumba la Sanaa la Fogg, ambamo hotuba hazikueleweka kwa sababu neno moja liliendelea kuvuma wakati mengine yalikuwa yameshafuata. Sabine hakuwa na mitambo ya kupimia. Alitumia bomba la kinanda kutoa sauti, saa ya kuhesabia sekunde, na sikio lake mwenyewe, akafanya kazi usiku ambapo pana utulivu, huku akiingiza ukumbini mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine na kupima jinsi sauti ilivyozidi kufa haraka kadiri mito ilivyoongezeka. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo, nayo inahusu mvumo, yaani muda ambao sauti inachukua kufifia kwa desibeli 60 baada ya chanzo chake kunyamaza, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kanuni inasema kwamba mvumo kwa sekunde ni sawa na ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukizidishwa kwa 0.161, kisha ukagawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wa vitu vyote vilivyomo. Kila kitu kina kiwango chake cha ufyonzaji kati ya sifuri na moja: tofali lililopigwa lipu liko karibu sana na sifuri, kwa kuwa hurudisha karibu sauti yote, ilhali dirisha lililo wazi lina kiwango cha moja, kwa kuwa sauti ikitoka nje hairudi.

Kanuni hiyo inaweza kujaribiwa kwa hesabu nyepesi. Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 kina ujazo wa mita za ujazo 189, na nyuso zake zote, yaani sakafu, kuta na sehemu ya juu, zina jumla ya mita za mraba 222. Ikiwa nyuso hizo zote ni ngumu na kila moja hufyonza asilimia 3 tu ya sauti inayoigonga, mvumo wa chumba kikiwa kitupu na madirisha yamefungwa unakaribia sekunde 4.6. Wakiingia wanafunzi 60, ambao miili na nguo zao pia hufyonza sauti, mvumo unashuka hadi karibu sekunde 1. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kelele, uliotolewa mwaka 1999, unapendekeza mvumo wa takriban sekunde 0.6 darasani, na kelele ya chinichini isiyozidi desibeli 35. Kwa hiyo darasa la mfano huu, hata likiwa limejaa, bado lina mvumo uliozidi. Sasa zikiongezwa mita za mraba 30 za mabamba yanayofyonza asilimia 70 ya sauti, mvumo unateremka hadi takriban sekunde 0.6, yaani kiwango kilekile kinachopendekezwa. Hesabu hii imerahisishwa, kwa maana bati jembamba hutetemeka na kufyonza kiasi cha sauti nzito, na madirisha mengi huwa wazi, lakini inaonyesha kwamba jambo linalotafutwa ni dogo na linafikika: sehemu ya kuta na dari inatosha, wala hakuna haja ya kulivika jengo zima.

Huenda msikilizaji akauliza kama tofauti ya sehemu ya sekunde ina uzito wowote. Jibu lipo katika muundo wa usemi. Irabu hubeba nguvu ya sauti na hudumu kwa muda, ilhali konsonanti ni fupi na dhaifu, na ndizo zinazotofautisha neno moja na jingine, kama vile pata na paka. Mvumo unapokuwa mrefu, irabu ya silabi iliyotangulia huifunika konsonanti inayofuata, na msikilizaji analazimika kukisia. Mtu mzima anayeijua lugha vizuri hukisia bila taabu, lakini mtoto bado hana akiba ya maneno ya kumsaidia kukisia, na mtoto aliyetoka Uvira au Bukavu, ambaye nyumbani anasema Kiswahili au Kibembe, mitaani anajifunza Chichewa na darasani anafundishwa kwa Kiingereza, ana akiba ndogo zaidi. Kwake yeye konsonanti iliyofunikwa ni neno lililopotea, na maneno yaliyopotea kutwa nzima ni somo lililopotea. Kuna pia jambo lililoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911, kwamba mtu aliye mahali penye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Katika chumba kinachovuma kila mmoja hupaza sauti ili asikike juu ya wenzake, kelele inajizidisha, na mwalimu anamaliza siku koo likiwa limekauka. Ufyonzaji wa sauti huukata mzunguko huo tangu mwanzo wake.

Nyenzo za kufyonza sauti zipo madukani kwa miaka mingi, kama vile pamba ya kioo, pamba ya mawe na sponji za plastiki, lakini kwa Dzaleka na kwa shule za kawaida za Lilongwe huagizwa kutoka mbali na bei yake haikabiliki. Baadhi yake pia ni za hatari. Sponji ya poliyurethani, ambayo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, huwaka haraka na kutoa moshi wenye sumu. Sponji ya namna hiyo iliyobandikwa ukutani ili kupunguza sauti ndiyo iliyoshika moto katika klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mwaka 2003, wakafa watu 100, na mwaka 2013 katika klabu ya Kiss, mjini Santa Maria, Brazili, wakafa 242. Watu wasio na uwezo wa kununua sponji hubandika trei za mayai, kama inavyoonekana katika studio nyingi ndogo za muziki za Afrika Mashariki na Malawi, lakini trei ya mayai ni karatasi nyembamba mno kufyonza sauti ya maana, isipokuwa sehemu ndogo ya sauti za juu, na nayo hushika moto kwa urahisi. Pengo ambalo nyenzo ya kuvu inaweza kuliziba liko hapo, kati ya bidhaa ghali, bidhaa ya hatari na bidhaa isiyofaa.

Kuvu ni kundi la viumbe ambao si mimea wala wanyama, na uyoga unaoliwa ni tunda tu la kiumbe ambaye sehemu yake kubwa imejificha ndani ya udongo, gogo au mabua. Sehemu hiyo iliyojificha huitwa maiseliamu, nayo ni mtandao wa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, ambazo hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha selulosi na lignini, yaani vitu vinavyoupa mmea ugumu wake, kisha hujilisha kwa kilichoyeyuka. Kuta za nyuzi hizo zina kitini, dutu ileile inayopatikana katika magamba ya wadudu na ya kamba wa baharini, na kwa sababu hiyo nyuzi zikikauka huwa imara. Kuvu ikipandwa katika mabua yaliyokatwakatwa, nyuzi hupenya kila kipande na kukishika na kile cha jirani yake, kama ukindu unavyoshikana katika mkeka, hadi rundo lililokuwa huru linakuwa kitu kimoja. Hakuna gundi inayoongezwa. Ndani ya kitu hicho hubaki nafasi nyingi ndogo za hewa zilizounganika, na sauti, ambayo ni mtikisiko wa hewa, huingia humo, hewa ikasuguana na kuta za nafasi hizo, na nguvu ya sauti ikageuka kuwa joto dogo mno lisilohisika.

Kwamba jambo hili hufanya kazi si dhana tupu. Kampuni ya Ecovative, iliyoanzishwa mwaka 2007 katika jimbo la New York na Eben Bayer na Gavin McIntyre, ndiyo iliyosukuma mbele matumizi ya maiseliamu, kwanza katika vifungashio vya kuchukua nafasi ya plastiki nyeupe inayozunguka vyombo vya umeme. Mwaka 2013 waanzilishi hao, pamoja na Mathew Pelletier na wenzake katika utafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha matokeo ya kupima mabamba yaliyooteshwa juu ya mabaki mbalimbali, yakiwemo majani ya mpunga, nyuzi za mtama na za mmea wa kenafi, na wakaonyesha kwamba katika sauti ya hezi 1,000, yaani inayotetema mara 1,000 kwa sekunde, mabamba hayo yalifyonza asilimia 70 hadi 75 au zaidi. Kiwango cha asilimia 70 kilichotumika katika hesabu ya darasa kimetoka hapo. Nchini Italia kampuni ya Mogu huuza mabamba ya maiseliamu kwa ajili ya ofisi na kumbi. Karibu zaidi na Malawi, jijini Nairobi, kampuni ya MycoTile, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Mtamu Kililo, huotesha mabamba ya ujenzi kutokana na mabaki ya kilimo na maiseliamu ya uyoga. Na karibu na Windhoek, Namibia, mradi wa BioHAB umetumia vichaka vilivyoyavamia malisho kuoteshea uyoga wa kula, kisha mabaki yakashindiliwa kuwa matofali ya kujengea. Kwa hiyo si teknolojia ya nchi tajiri peke yake. Waafrika tayari wameishika mkononi na kuifanyia biashara.

Malighafi ya Dowa na Lilongwe inajulikana kwa kila aliyewahi kupita huko baada ya mavuno ya kati ya Aprili na Juni: mabua na magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, na mabaki ya soya. Mpunga wa mwambao wa Ziwa Malawi, huko Salima na Nkhotakota, huacha makapi, na kiwanda cha sukari cha Dwangwa huacha makapi ya miwa. Uyoga nao si mgeni, maana Wamalawi huuita bowa na huuokota msituni kila masika, na uyoga wa mamama, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Pleurotus ostreatus, ndio unaolimwa kwa urahisi zaidi na wakulima wadogo na ndio unaotumika sana katika mabamba.

Utengenezaji wenyewe unafuata hatua ambazo mkulima wa uyoga anazijua tayari kwa kiasi kikubwa. Mabua hukatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, hulowekwa usiku kucha, kisha huchujwa hadi yakikamuliwa kwa kiganja yatoe matone machache tu. Halafu hutiwa katika pipa lenye wavu juu ya maji yanayochemka na kupigwa mvuke kwa saa kadhaa, ili wadudu na kuvu nyingine zife. Yakipoa huchanganywa na mbegu za uyoga, ambazo ni nafaka iliyokwisha kuoteshwa maiseliamu, kwa mikono iliyosafishwa na mahali pasipo na upepo, kisha mchanganyiko hujazwa katika fremu ya mbao iliyotandikwa nailoni yenye matundu, bila kushindiliwa sana. Fremu huwekwa gizani katika joto la nyuzi 24 au 25 za Selsiasi kwa takriban wiki mbili. Weupe huanza kwa madoa kuzunguka kila punje, madoa hukutana, na mwishoni bamba zima hufunikwa na ngozi nyeupe laini yenye harufu ya uyoga mbichi. Likionekana doa la kijani, hiyo ni kuvu nyingine ya jamii ya Trikoderma, na bamba hilo huondolewa mara moja lisiambukize mengine. Bamba lililokamilika hutolewa katika fremu, hukaushwa juani, kisha huingizwa katika tanuri la joto la wastani kwa saa kadhaa hadi liwe kavu kabisa na kuvu iwe imekufa. Hatua hii ya mwisho haina mjadala: kuvu ikibaki hai, siku itakapopata unyevu itachipuza uyoga ukutani, na vumbi laini ambalo uyoga hulirusha ili kuzaana linajulikana kuwadhuru mapafu wale wanaolivuta kwa muda mrefu.

Kalenda ya uwanda wa kati inaongoza kazi hii vizuri. Mabua yaliyovunwa Mei huhifadhiwa makavu chini ya paa; Juni na Julai baridi ya usiku huichelewesha kuvu; lakini kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba kuna joto na jua kali, kwa hiyo mabamba hukua haraka na kukauka kabla ya mvua za Novemba. Zipo pia hesabu za kijamii ambazo lazima zifanywe kwa uaminifu. Mabua ni kuni kwa familia isiyo na kuni, ni chakula cha mifugo, na ni matandazo ya shamba, hivyo hayapaswi kuchukuliwa bure kwa kisingizio cha kuitwa taka. Mvuke wa pipa nao unahitaji moto katika nchi ambayo misitu yake imekwisha kuumia kwa kuni, mkaa na uchomaji wa matofali, na kwa hiyo jiko lenye ufanisi linalotumia magunzi ni sehemu ya mpango wenyewe. Upo pia uamuzi wa kuvuna uyoga kwanza na kutumia mabaki yake baadaye, kama ilivyofanyika Namibia, au kuotesha bamba moja kwa moja. Njia ya kwanza hulisha watu na kuleta fedha, jambo la maana katika makazi ambamo mgao wa chakula hautoshi, ila kuvu iliyokwisha kuzaa imekula sehemu kubwa ya mabua, na bamba lake huwa dhaifu. Kwa kuwa bamba la sauti halibebi mzigo wowote, udhaifu huo unaweza kuvumilika, na inafaa njia zote mbili zijaribiwe bega kwa bega.

Namna ya kulitundika bamba ina uzito sawa na namna ya kuliotesha. Bamba la sauti halishindiliwi kwa nguvu kama tofali, kwa sababu kushindilia huziba nafasi za hewa, na halipakwi rangi ya mafuta kwa sababu hiyohiyo. Anayetaka kulipamba anaweza kulifunika kwa chitenje chepesi, na kipimo cha kitambaa kinachofaa ni kwamba mtu akikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi ipite bila kuzuiwa. Unene nao una sababu zake. Wimbi la sauti ya hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, lakini la hezi 250 lina mita 1.36, na kifyonza chembamba hakiwezi kulishika wimbi refu. Bamba la sentimita 4 au 5 likiachwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, juu ya vipande vya mbao, hufyonza sauti nzito vizuri zaidi kuliko likigandamizwa ukutani, na nafasi hiyo pia huruhusu hewa kupita, unyevu usijikusanye, na njia za mchwa zionekane mapema. Mahali bora ni chini ya paa na sehemu ya juu ya ukuta unaomkabili mwalimu, ambapo mikono ya watoto haifiki.

Mipaka ya nyenzo hii inapaswa kusemwa waziwazi, kwa kuwa sifa zilizozidi huua jambo jema. Bamba la kuvu hupunguza mvumo ndani ya chumba, lakini halizuii sauti ya chumba cha jirani, kwa maana kuzuia sauti kunahitaji uzito na kuziba mianya. Darasa ambalo ukuta wake haufiki kwenye paa lazima kwanza limaliziwe kwa tofali. Kelele ya mvua juu ya bati itapungua kiasi kwa kufyonzwa chumbani, lakini haitakoma. Bamba hunywa maji, na kwa hiyo halifai nje wala chini ya paa linalovuja. Mchwa wa Malawi hawatabagua kati yake na mbao. Na kuhusu moto, tafiti za Mitchell Jones na wenzake wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, zilizochapishwa mwaka 2018, zimeonyesha kwamba nyenzo za maiseliamu hustahimili moto kuliko plastiki nyingi za ujenzi, hasa zikioteshwa juu ya makapi ya mpunga, ambayo yana silika nyingi; lakini kustahimili zaidi si kutoungua, na hakuna bamba linalopaswa kuwekwa juu ya vichwa vya watoto kabla ya kupimwa kwa moto na wenye utaalamu.

Matumizi hayaishii darasani. Makanisa mengi ya Dzaleka yana kwaya, na muziki wa kwaya unapenda mvumo mrefu kuliko hotuba, kwa hiyo mabamba machache nyuma ya waumini yatasaidia mahubiri yaeleweke bila kuunyima wimbo uhai wake. Chumba cha kutangazia redio, kwa upande wake, kinahitaji mvumo mfupi sana, kwa sababu kipaza sauti hakina uwezo alionao binadamu wa kuupuuza mvumo. Redio ya jamii ya Yetu, inayosikika kutoka Dzaleka, na studio za wanamuziki wanaojiandaa kwa tamasha la Tumaini, ambalo limekuwa likifanyika katika makazi hayo tangu mwaka 2014, ni mahali pazuri pa majaribio, maana watu wake wana masikio yaliyozoezwa na watajua mara moja kama bamba limefanya kazi.

Hatua ya kwanza inayofaa, basi, ni darasa moja, lenye darasa pacha kando yake lisilowekewa kitu. Mvumo wa yote mawili unaweza kupimwa kwa kupiga kofi na kurekodi kwa simu, kazi ambayo vijana wa Dzaleka waliojifunza programu za kompyuta wanaimudu, na ambayo ni sahihi kuliko sikio na saa alivyotumia Sabine. Walimu wawasomee wanafunzi maneno yaleyale katika madarasa yote mawili, na watoto waandike walichosikia, ili idadi ya makosa iseme yenyewe. Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe, chenye kampasi yake Bunda, kina nafasi ya kusaidia upande wa kuvu na mbegu zake, na Chuo Kikuu cha Biashara na Sayansi Tumizi cha Malawi, kilichoko Blantyre, kina wahandisi wa upande wa majengo na moto. Wakimbizi wenyewe wasiwe vibarua wa kukata mabua tu, bali wawe wenye ujuzi na wenye mali, kwa sababu sheria za Malawi zimewabana katika kutembea na kufanya kazi nje ya makazi, na kazi inayoweza kufanyika ndani ya makazi, kwa pipa, fremu na mabua, ina thamani ya pekee kwao. Matokeo yakiwa mazuri, yapelekwe katika shule za Lilongwe pamoja na vipimo vyake. Yakiwa hafifu, sababu zake zichunguzwe na unene, mabaki au mahali pa kutundikia pabadilishwe. Kwa vyovyote vile, kila darasa jipya linalojengwa kwa bati na saruji liwekewe tangu kwenye ramani fungu la kufyonza sauti, kama linavyowekewa madirisha, kwa kuwa mtoto aliyeandikishwa shuleni ana haki ya kumsikia mwalimu wake.